Una laki saba, unataka besi: ipi ununue, ipi uache

Wiki iliyopita, mazoezi ya kwaya yalipokwisha, kijana mmoja alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo mwalimu. Nina laki saba, nataka kununua gitaa la besi la nyuzi tano."

"Marahaba. Hiyo laki saba ndiyo yote, au ya waya na nyuzi umeitenga?"

"Ndiyo yote, mwalimu."

Tuliketi kwenye benchi tukaongea mpaka mlinzi akaja kufunga geti. Kwa kuwa swali lake naulizwa karibu kila mwezi, nimeona niliandike jibu lote hapa. Kwa kifupi nilimwambia hivi: pesa yako ikiwa ndogo, nunua shingo iliyonyooka kwanza. Jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa, rangi, na idadi ya nyuzi vyote vinafuata nyuma ya shingo.

Pesa ileile, besi ndogo

Wanaokumbuka bei za zamani wanadhani wenye maduka wamekuwa na tamaa. Piga hesabu. Besi ya dola 300 mwaka 2020, dola ikiwa karibu shilingi 2,300, ilikuwa 690,000. Mwaka 2024 dola ilipofika 2,700, besi ileile kwa bei ileile ya huko ilikotoka ikawa 810,000, na hapo hujalipa usafiri wala VAT ya asilimia 18. Wenzetu wa Kenya waliumia zaidi: dola ilitoka shilingi mia na kidogo mwaka 2019 hadi karibu 160 Januari 2024. Baadaye ilishuka hadi kwenye 129, lakini bei ya dukani ikishapanda huwa nzito kushuka.

Na huko inakotoka nako ilipanda. Mwaka 2020 watu walifungiwa ndani wakaamua kujifunza gitaa. Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, wakauza mwaka huo kuliko mwaka wowote wa nyuma. Mwaka uliofuata nauli ya makontena ikapaa. Besi ya Fender Player inayotengenezwa Ensenada, Mexico, ilipotoka 2018 iliuzwa Marekani chini ya dola 700. Player II iliyotoka 2024 ilivuka dola 800. Mwaka 2025 Marekani ikaongeza ushuru kwa bidhaa za Indonesia na China, na huko ndiko besi nyingi za bei ya kati zinakotengenezwa.

Mbao nazo zina kisa chao, na kinatugusa. Tarehe 2 Januari 2017 mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliiweka karibu jamii nzima ya miti ya Dalbergia chini ya uangalizi. Humo imo miti ya rozwudi inayotengenezewa ubao wa vidole (ule uso wa shingo unapobonyezea nyuzi), na umo mpingo wetu wa Kilwa na Lindi, ndugu wa damu wa rozwudi. Ghafla shehena ya magitaa ikawa inahitaji vibali ili ivuke mpaka, na viwanda vingi vikakimbilia mbao nyingine kama pau ferro. Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikaondolewa kwenye sharti hilo. Kwa hiyo ukiona besi ya 2017 au 2018 ina ubao wa vidole wenye rangi iliyopauka kidogo, usidhani ni feki. Huenda ni mti tu uliobadilishwa.

Lakini kuna upande wa pili ambao lazima niuseme. Mwanzilishi wa Fender, Bwana Leo Fender, alipotoa besi yake ya kwanza, Precision Bass, mwaka 1951 iliuzwa karibu dola 200, ambazo kwa thamani ya leo zinapita 2,000. Leo kwa dola 400 au 500 unapata besi iliyokatwa na mashine za kompyuta, freti (vile vyuma vyembamba vya shingoni) zimekaa sawa, pikapu (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) hazivumi. Ubora wa bei ya chini haujawahi kuwa mzuri kama sasa. Shida yetu ni kuipata bila kuibiwa. Hapa chini nimezipanga kwa thamani ya pesa, kuanzia ya kununua kwanza hadi ya kuacha.

Ya kwanza: Yamaha iliyotumika

Sina wasiwasi hata kidogo na nafasi hii. Tafuta TRBX174, au RBX170 ya zamani iliyotangulia, au ukibahatika BB234. Hizi hazitumii betri. Zina pikapu mbili, ile iliyokatika vipande viwili kama ya Precision na nyingine karibu na briji (kile chuma cha tumboni kinachoshika nyuzi), kwa hiyo unapata mlio mzito wa kwaya na mlio mkavu wa sebene kwenye gitaa moja. Yamaha wanatengeneza BB tangu 1977, na hata besi zao za bei ya chini wanazisimamia vizuri. Nimeshika Yamaha zilizokaa miaka kumi kwenye stoo ya kanisa, vumbi limeganda kwenye skrubu, na shingo bado imenyooka.

Hilo la kutotumia betri ni kubwa kuliko linavyosikika. Besi yenye betri huwaka pale tu unapochomeka waya, na huendelea kula betri hadi uchomoe. Makanisani waya hauchomolewi. Jumapili ya tatu betri inakufa katikati ya pambio, na fundi mitambo anahangaika na mikisa wakati tatizo liko mgongoni mwa gitaa. Ukipata TRBX304, ambayo ni nzuri zaidi na ina swichi ya kuchagua aina tano za mlio, inunue, ila tembea na betri ya volti 9 kwenye mkoba na uchomoe waya kila unapoweka gitaa chini.

Kwa kuwa unanunua iliyotumika, kagua hivi. Shika gitaa kama mtu anayelenga bunduki, jicho kwenye mwisho wa shingo, utazame ukingo wake mmoja, kisha wa pili. Kingo zote mbili zikijipinda kwa namna moja, chuma kilichomo ndani ya shingo kinaweza kurekebisha. Moja ikienda huku na nyingine kule, shingo imesokotwa: rudisha gitaa, aga, ondoka. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa pili, utazame pengo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Pengo la unene wa kadi ya biashara ni sawa. Likiingia kidole, kuna kazi. Baada ya hapo omba bisibisi ya Allen, ujue kama chuma kile kinazunguka. Robo mzunguko tu, polepole, na mwenye gitaa akiwa ameridhia. Kikiwa kimekazwa hadi mwisho, fundi hana pa kwenda.

Chomeka kwenye amplifaya. Zungusha kila kitufe. Mkwaruzo wa vumbi hutibiwa kwa dawa ya kupuliza, lakini sauti inayokatika ukigusa waya mara nyingi ni soketi, nayo ni kazi ya dakika kumi kwa fundi. Hapo ndipo pa kuombea punguzo. Mwisho, piga uzi wazi, halafu ubonyeze freti ya 12. Noti ile ile ilie juu, isipishane. Na kwa sisi wa pwani: tazama skrubu za briji na za pikapu. Chumvi ya hewa yetu inazila. Kutu kidogo juu si tatizo, ila skrubu iliyokwisha kichwa haitafunguka tena.

Ya pili: Squier Classic Vibe

Squier ni jina la Fender la bei nafuu, na Classic Vibe ndiyo daraja la juu la Squier. Zilianza China mwaka 2008, siku hizi nyingi zinatoka Indonesia. Ukisikiliza rekodi ukiwa umefumba macho, mlio wake na wa Fender ya Mexico huachana kidogo sana, na tofauti hiyo watu wa kanisani au ukumbini hawaisikii. Ukipenda mlio mnene wa kubebea kwaya, chukua ya muundo wa Precision. Ukitaka sauti inayosema, ile ambayo besi ya Ngouma Lokito inaongea na gitaa la solo kwenye soukous, chukua ya muundo wa Jazz, besi nyingine ya Fender. Kwa benga pia Jazz, maana benga besi haijifichi.

Kama ndugu yako wa Muscat, London au Minneapolis anakuja likizo, mwambie abebe hii, iliyotumika. Shingo inafunguka kwa skrubu nne, gitaa linaweza kuingia kwenye begi kubwa la nguo. Hakikisha tu alegeze nyuzi kabla ya safari.

Affinity na Sonic ni ngazi za chini zaidi. Zinafaa kujifunzia. Nisingezinunua mpya kwa bei zinazotajwa madukani kwetu.

Ya tatu: Sire

Kampuni ya Kikorea, besi zinatengenezwa Indonesia, na jina la mpiga besi Marcus Miller limo tangu zilipoanza 2015. Kwa anayehitaji nyuzi tano kwa kweli, hapa ndipo pa kwenda. Kingo za ubao wa vidole zimesuguliwa zikawa laini mkononi, na kuna swichi ndogo ya kuiruka betri ili besi iendelee kulia bila umeme wake. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu: kwetu ni adimu, na adimu huuzwa kwa bei ya mapambo.

Kuhusu nyuzi tano, niseme wazi. Tunazipenda kwa sababu waimbaji wetu hubadilisha ufunguo bila taarifa na ule uzi wa chini unaokoa. Ila kwenye besi ya bei ndogo uzi huo hulegea kama kamba ya kuanikia nguo. Unasikika mngurumo, noti huisikii. Nyuzi nne zinazosema kweli zinashinda tano ambazo moja yake inabwabwaja.

Ya nne: Ibanez

GSR200 na SR300E. Nyepesi, na shingo ya SR ni nyembamba kiasi kwamba mwenye vidole vifupi atashukuru. Zinatumia betri zote mbili. Mlio wake ni msafi, kwa wengine msafi kupita kiasi. Ukiipata nzuri, usisite.

Ya tano: Fender ya Mexico

Ni gitaa zuri sana. Liko huku chini kwa sababu mwongozo huu unapima thamani ya pesa, na kwa bei ya moja unapata Yamaha iliyotumika, amplifaya ndogo na seti mbili za nyuzi. Halafu ndilo linaloghushiwa zaidi. Mtu anabandua maandishi ya Squier, anabandika ya Fender, anaongeza laki nane. Soma namba nyuma ya kichwa: za Mexico za miaka ya karibuni huanza na MX. Ukikuta ICS chini ya jina la Fender, hiyo ni Squier ya Indonesia, na herufi ya C ni ya kiwanda cha Cort. Ilipe bei ya Squier, na uipige kwa amani. Tangu mwanzoni mwa 2025, hata hivyo, zipo Fender halali za Indonesia zinazoitwa Standard, kwa hiyo usimwite mtu mwizi kabla hujasoma vizuri.

Ya mwisho: besi mpya isiyo na jina

Hii ndiyo inayomeza laki tatu za watu wengi, na mimi nilikuwa mmojawapo. Besi yangu ya kwanza niliinunua duka moja mjini, nyekundu, inang'aa, na mkoba wake wa bure. Ilikuwa Februari. Masika yalipoingia shingo ikainama, nyuzi zikapanda juu ya ubao hadi nikapata malengelenge vidole vitatu. Fundi alifungua kifuniko, akaingiza bisibisi, akatikisa kichwa: chuma kilikuwa kimekazwa hadi mwisho tangu kiwandani. Dukani waliniambia haina waranti. Niliiuza kwa elfu themanini, kama mapambo ya saluni. Kijana akiniambia anataka mpya kwa sababu mpya haina matatizo, namkumbuka yule wa Februari.

Kile kijana alichonunua

Jumamosi tulikwenda pamoja. Besi ya kwanza tuliyooneshwa ilikuwa ya nyuzi tano, nyeusi, nzuri machoni. Akaishika kama nilivyomwonesha, akafumba jicho moja, akanyamaza. Ukingo mmoja ulikuwa umenyooka, wa pili unapanda kama kilima. Akairudisha mwenyewe bila mimi kusema neno.

Ya tatu ilikuwa TRBX174, imekwaruzwa tumboni na mkanda wa mtu, soketi inakatika. Walitaka laki sita, tukatoka na laki tano na nusu kwa sababu ya soketi. Soketi mpya na kazi ya fundi kusawazisha shingo na briji: elfu hamsini. Waya mzuri: elfu ishirini na tano. Kwenye nyuzi ilibaki elfu sabini na tano, nami nikamzuia asizinunue. Zilizokuja na gitaa tulizivua, tukazichemsha kwenye sufuria dakika kumi, tukazikausha kwa kitambaa hadi hazina hata tone, tukazirudisha. Mafuta ya vidole na uchafu hutoka, mlio unarudi kwa wiki chache. Elfu sabini na tano yake iko kwenye bahasha ndani ya mkoba wa gitaa, inangoja nyuzi hizo zife.