Ziara ya mifupa na kosheri, London: nyota 4

Jamani hii ziara ya makumbusho nimeipenda, anayewatembeza ni kaka Myahudi alafu kila mfupa anauliza, huyu angekuwepo leo ni kosheri, yaani analiwa kwa sheria za Kiyahudi, au haliwi? Mamathi kapigwa chini fasta, hana kwato zilizopasuka na hacheui, tembo mwenye manyoya tu. Yule kulungu mkubwa wa Ireland mwenye mapembe ya karibu mita 3.5 kapita bila shida, ilimradi achinjwe inavyotakiwa. Auroksi, ng'ombe mwitu aliyeisha Poland 1627, naye freshi.

Utamu ukaja kwa dodo, yule ndege asiyeruka aliyeshatoweka!! Kumbe Torati haitoi alama za ndege, inataja tu waliokatazwa, so Wayahudi wengi hawagusi ndege mpaka wawe wamepokea toka kwa wazee wao kwamba huyu analiwa. Dodo ni ukoo wa njiwa na njiwa ni kosheri, ila nani atasema babu yake alimla?

Dinosau wakapitiwa mbiombio muda umeisha, na spika inakoroma sie wa nyuma tunaokoteza maneno, ndo nyota moja ilipoenda. Alafu kuleni kabisa kabla, mi nlitoka na hamu ya kulungu.