Kitabu cha oda cha nakala tatu: kinasaidia kudai hela, ila nafasi ya kazi za ziada ni finyu mno

Mteja asiyetaka kulipa ni nadra akwambie usoni kwamba halipi. Atakwambia, "Fundi, hatukukubaliana hivyo." Kwenye kazi ya bomba nimelisikia neno hilo kiasi cha kulijua kabla halijatoka mdomoni, na ndilo lililonifanya ninunue kitabu cha oda cha nakala tatu, kile cha karatasi zinazojinakili bila kaboni, unaandika kazi na bei mliyokubaliana, mteja anasaini. Changu kinakaribia kwisha, kwa hiyo naweza kukisema vizuri.

Kina seti 50. Kila seti ni nyeupe, njano na waridi, zote zina namba moja iliyochapwa juu. Nyeupe anabaki nayo mteja, njano naiweka kwenye faili la mahesabu, waridi haichanwi kitabuni. Hizo namba zinazofuatana ndizo ninazozipenda kuliko chochote. Mtu akisema umeandika karatasi baada ya ugomvi, unamwonyesha kwamba namba iliyotangulia na iliyofuata zina tarehe zake. Hapo hana pa kushika.

Karatasi hizi zilibuniwa Marekani na kampuni ya NCR miaka ya 1950. Nyuma ya karatasi ya juu kumepakwa vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye rangi iliyofichika. Peni ikikandamiza vinapasuka, rangi inakutana na dawa iliyopakwa karatasi ya chini, maandishi yanatokea. Kwa hiyo usiandike kwa kalamu ya wino laini, waridi itatoka tupu, na usisahau kukinga seti inayofuata kwa ile kadi ya jalada. Kadi ya kitabu hiki ni laini mno, yangu ilikatika mapema nikaweka kipande cha boksi gumu. Jua pia linafifisha nakala, usikiache kwenye dashibodi ya gari. Mimi kila oda ikishasainiwa naipiga picha na kumtumia mteja WhatsApp palepale, ili tarehe na saa zibaki kwa wote wawili.

Sasa kasoro kubwa. Sehemu ya "kazi za ziada" ina mistari miwili tu. Aliyekichora hajawahi kufungua ukuta wa mtu! Ugomvi wa hela hauko kwenye kazi uliyoitiwa, uko kwenye uliyoikuta. Mzee mmoja aliniita kubadilisha koki ya bafuni. Nilipoilegeza, bomba la ndani ya ukuta lilikuwa limeoza, linabomoka kwa kidole. Nikasimama, nikamwita aje alishike mwenyewe, nikaandika kwa herufi za kubana: "Bomba la ukutani limeoza, linabadilishwa pamoja na elbo mbili, mteja ameliona," (elbo ni kiungo cha kona) na bei yake. Nikamwambia, "Mzee, naomba saini hapa kwanza ndipo niendelee." Akasaini. Jioni maji yanatoka safi, akasema, "Kijana wangu, mimi nilikuita kwa ajili ya koki tu." Nikafungua waridi nikamwekea mbele. Aliisoma polepole, akaitazama saini yake, akaingia ndani kuleta hela, ya vifaa na ya ufundi. Hatukuinuliana sauti, na hadi leo akipata shida ya maji ananipigia mimi.

Kasoro ya pili ni kwamba kina nafasi ya jina la mteja, hakina nafasi ya jina la mlipaji, na hao mara nyingi si mtu mmoja. Mpangaji anasaini, kazi inaisha, mwenye nyumba anasema, "Sikukutuma." Mpangaji naye anasema nyumba si yake. Saini unayo lakini umekwama katikati. Siku hizi naandika juu kabisa kwa mkono, "Atakayelipa," na kama hayupo nampigia simu kabla sijafungua begi la spana.

Kuna jambo kitabu hakiwezi, na ni vema mnunuzi alijue. Fundi wa saa au wa simu anabaki na kitu mkononi. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria uliotoka Uingereza anaruhusiwa kukizuia mpaka alipwe gharama ya matengenezo. Sisi wa bomba tumefunga kazi yetu kwenye nyumba ya mtu, na ukirudi kuing'oa kwa hasira, wewe ndiye utakayeitwa mhalifu. Basi hela ya vifaa ichukuliwe mwanzo, kazi ndefu ilipwe kwa hatua, na kila malipo yaandikwe na salio lake. Kitabu kinambana anayekana makubaliano. Anayezima simu na kuhama hakimbani, hasara ya huyo inapunguzwa na malipo ya awali tu.

Nakipendekeza kwa fundi yeyote, awe wa umeme, rangi au paa. Mimi kikiisha hiki nitampelekea mchapaji mchoro wangu: kazi za ziada zipate nusu ya ukurasa, kila moja na sehemu yake ya saini, jina la mlipaji liwe mstari wa kwanza, na kadi iwe ngumu.