menuconfig: menyu ya kusanidi kerneli ya Linux

Kwa anayejenga mfumo wa Linux kutoka msimbo chanzo, kusanidi kerneli, kiini cha mfumo kinachounganisha programu na vifaa, ndiko kunakoamua kama kompyuta itawaka au haitawaka, na chombo ninachokitegemea katika kazi hiyo ni menuconfig, menyu inayokuja pamoja na msimbo wa kerneli wenyewe na kufunguka kwenye terminali kwa amri ya make menuconfig, mradi ncurses, maktaba ya kuchora menyu kwenye terminali, iwepo.

Kila draiva ina mstari wake. Nyota humaanisha kwamba itaungwa moja kwa moja ndani ya kerneli, herufi M kwamba itakuwa moduli, faili la pembeni la kupakiwa baadaye, na nafasi tupu kwamba imeachwa. Tofauti ya nyota na M niliijua kwa taabu. Niliweka M kwenye ext4, mfumo wa faili wa diski yangu kuu, bila kutengeneza initramfs, mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye kumbukumbu kabla ya diski kuu kufunguliwa. Nilipowasha kompyuta, skrini ilisimama kwenye maneno "VFS: Unable to mount root fs", yaani diski kuu imeshindwa kufunguliwa, kwa kuwa moduli ya kusomea diski ilikuwa imehifadhiwa ndani ya diski ileile isiyosomeka. Niliweka nyota, nikajenga upya, ikawaka. Menyu haikunionya popote, na hilo nalihesabu kuwa pungufu lake kubwa.

Pungufu la pili ni kwamba kitu kinachotegemea kingine kilichozimwa hakionekani kabisa, hata mtu akadhani kimeondolewa. Dawa yake ni kubonyeza alama ya mkwaju (/) na kuandika jina: utaonyeshwa kilipo, kinategemea nini, na kipi kati ya hivyo bado kimezimwa. Utafutaji huu, pamoja na maelezo yanayofunguka kwa alama ya kuuliza, ndiyo sababu ninaipenda menyu hii kuliko kuhariri kwa mkono faili la .config, linalohifadhi chaguo zote.

Usianze na menyu tupu. Anza na make defconfig, inayoweka chaguo za kawaida, au make localmodconfig inayofuata moduli zinazotumika wakati huo. Kwa hiyo chomeka kwanza modemu, printa na kila kifaa unachokihitaji. Ukimaliza, weka nakala ya .config nje ya folda ya msimbo, maana make mrproper, amri ya kusafisha folda hiyo, huifuta .config iliyomo. Toleo jipya la kerneli likitoka, irudishe nakala hiyo na utumie make oldconfig, nayo itakuuliza yale mapya tu.