Uzoefu wangu na Azam TV: mpira nauangalia hapa, habari za mpira natafuta na kwingine

King'amuzi cha Azam nakilipia kwa sababu ya Ligi Kuu, na kwa mpira wenyewe sina lawama. Picha ni safi, marudio ya bao hayacheleweshwi, na mechi za mikoani ambazo zamani tulizisikia redioni tu, leo naziangalia nikiwa Sinza. Mwaka 2021 walisaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wa Sh225.6 bilioni. Nawapongeza. Fedha ya aina hiyo ligi yetu iliihitaji sana.

Kwenye habari ndiko nataka zaidi. Chukua dabi ya Kariakoo ya Machi 8, 2025. Usiku wa kuamkia mechi Simba walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa, wakatangaza hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha. Ilichezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Siku kama ile shabiki anataka mtu wa kuibana Bodi: nani alizuia, kwa kanuni ipi, na aliyesafiri kutoka Mwanza na tiketi yake mfukoni anafanywaje? Kituo chochote kilichonunua ligi kinamuuliza maswali hayo mshirika wake wa biashara. Ni kazi ngumu, hata mwandishi awe hodari vipi. Ndiyo maana mambo yakichafuka nawasha na redio, na asubuhi nasoma Mwanaspoti.

Marekani yaliwakuta ESPN, kituo cha televisheni cha michezo. Mwaka 2013 waliondoa jina lao kwenye uchunguzi walioufanya pamoja na Frontline, kipindi cha televisheni ya umma ya PBS, kuhusu majeraha ya ubongo ya wachezaji wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani wanayoilipa mabilioni ya dola. Wao walisema hawakuwa na mamlaka ya uhariri; The New York Times likaandika kuwa NFL iliwashinikiza. Cha kutia moyo, waandishi wao wawili waliendelea na kazi ile mpaka ikarushwa. Agosti 2025 ESPN ikakubali kuipa NFL asilimia 10 ya umiliki wake. Hapo kwa kweli nina hofu nao.

Kifurushi nitaendelea kulipia, na anayependa Ligi Kuu namshauri anunue. Ombi langu kwa Azam: dawati la habari za michezo liwe na mhariri asiyeripoti kwa watu wa mauzo, na kila mjadala wa sakata la ligi uanze kwa kumkumbusha mtazamaji kwamba haki za matangazo ni zao.