Nembo Iliyopata Kina: Kazi ya Karakana Moja ya Langoni, Lamu

Nembo ya nyumba yetu ya wageni, yaani jahazi lenye tanga moja juu ya mawimbi, ilichorwa bapa kwa ajili ya karatasi na skrini, nasi tukaipeleka kwa mafundi wa nakshi wa mtaa wa Langoni waichonge iwe bango la mbao lenye kina. Kilichonivutia zaidi ni kwamba hawakushika patasi kabla ya kuamua kipi kiwe mbele na kipi kirudi nyuma: tanga liliinuliwa kuliko vyote, chombo kikafuata, na mawimbi yakashushwa ngazi kwa ngazi, kwa kuwa mbao isiyotiwa rangi hutofautisha maumbo kwa kivuli tu. Kingo za herufi zilikatwa kwa mshazari, hivyo hushika hata ule mwanga mchache unaopenya vichochoroni, na maji ya mvua hayatuami. Kamba za tanga ziliongezwa unene, maana mstari mwembamba unaokatisha nyuzi za mbao huvunjika upesi. Mbao yenyewe ni mbambakofi, mti uliozoeleka katika milango ya pwani yetu.

Msasa umepigwa vizuri, ingawa mgongo wa bango umeachwa na alama za msumeno. Bei si ya chini, wala hawatengenezi mfano wa kompyuta. Mteja huonyeshwa mchoro wa penseli na kipande cha majaribio. Mwenye nembo ya rangi zinazobadilika taratibu kutoka moja hadi nyingine airahisishe kwanza kabla ya kuwaendea.