Kutazama ndege Sabaki na klabu ya hapa Malindi

Mkienda Sabaki, pale mto unapoingia baharini, fuateni saa ya vijana wa klabu, si yenu. Maji yakijaa, ndege waliotawanyika topeni husukumwa hadi karibu na ukingo, ndipo mnawaona vizuri. Tuliwakuta heroe wamejipanga kwenye maji mekundu ya Sabaki, na membe tele juu ya fungu la mchanga. Mimi lakini nilinaswa na ndege aitwaye sululu: mdomo umepinda kama mundu, anauzamisha topeni, anachomoa kaa, anamtikisa mpaka miguu imtoke, kisha anammeza. "Mama, tusimsogelee, akiruka ataondoka na wenzake," kiongozi akaninong'oneza.

Shida ni darubini. Ni chache, na aliyeishika haachii, kwa hiyo azima yako. Kivuli hakuna kabisa. Mahamri ya chai yalikuwa ya jana, hilo nalisema wazi. Kabla ya kuondoka wanajaza orodha pamoja, na ubishi juu ya rangi ya miguu ya membe ulinichekesha kweli.

Huwa wanakwenda pia msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa bundi wale wadogo. Nimeshajiandikisha.