Mtandao mpya wa jumbe fupi: ni mwepesi, lakini saa yake ni ya Kinshasa

Nilitaka nianze na wepesi wa mtandao huu wa kijamii, maana ni mwepesi kweli. Ila jibu la huduma yao ya msaada limenichoma, na nisipolitoa kwanza sitaweza kusema lingine. Niliwaandikia kwamba watu wa Goma, huku mashariki ya Kongo, wanakataliwa kode ya uthibitisho wakati wa kuingia, nikaeleza na sababu. Mtu wao akanijibu mstari mmoja: niweke simu kwenye saa ya mji mkuu wa nchi yangu. Basi. Hakuuliza niko wapi, wala hakusoma nilichoandika. Jina la mtandao nitaliacha, atakayekwama mlangoni ataujua tu.

Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa. Bukavu vilevile, na Lubumbashi, Kisangani, Mbuji-Mayi. Hapa ikiwa saa 2 usiku, Kinshasa ni saa 1. Mtandao huu, ukichagua nchi RDC, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakati wa kujiandikisha, unakubandika saa ya Kinshasa bila kukuuliza, na hakuna pa kubadilisha. Kwao Kongo ni mji mmoja.

Sasa tuje kwenye kode zenyewe. Zile tarakimu sita za Google Authenticator na programu za aina yake haziji kwa intaneti. Simu inazitengeneza yenyewe kutokana na siri uliyoskani siku ya kwanza pamoja na saa ya dunia, UTC, na zinabadilika kila sekunde 30. Seva nayo inapiga hesabu ileile upande wake na kulinganisha. Kwa kawaida inavumilia kode ya kabla au ya baada, si zaidi. Simu yako ikikosea dakika mbili tu, umeshatoka nje.

Shida ya huku inaanzia hapo. Simu ikipangwa kwa nchi RDC inaweza kuangukia Kinshasa. Mwenye simu anaona iko nyuma saa nzima, anaisukuma mbele kwa mkono, anaridhika. Kwa macho saa ni sahihi. Kwa ndani simu bado inaamini iko Kinshasa, kwa hiyo inahesabu UTC iliyo mbele ya ile ya kweli kwa dakika 60, yaani hatua 120 za sekunde 30. Kode zote zitakataliwa, hata uandike kwa haraka namna gani. Watu wanafuta programu, wanaiweka upya, wanamaliza mega za intaneti bure, na kosa liko kwenye saa.

Ushauri wa yule mtu wa msaada, nikubali, ungefungua mlango: simu ikirudi kwenye saa halisi ya Kinshasa, UTC inanyooka na kode zinapita. Lakini alarmu ya mtoto wa shule italia saa moja baadaye. Nani ataishi Goma kwa saa ya Kinshasa ili aandike jumbe fupi?

Dawa ni hii. Kwenye Android, fungua Paramètres (mipangilio), kisha Date et heure (tarehe na saa). Acha heure automatique (saa ya kujipanga) ikiwa imewashwa, zima fuseau horaire automatique (ukanda wa saa wa kujipanga) peke yake, halafu kwenye orodha ya Congo-Kinshasa chagua mji wa Lubumbashi, si Kinshasa. Ndiyo, ukiwa Goma au Bukavu unachagua Lubumbashi, maana orodha haina mji wetu na saa ni moja. Kwenye iPhone kitufe ni kimoja: zima Réglage automatique (kujipanga kwenyewe), andika Lubumbashi, kisha linganisha dakika na simu nyingine unayoiamini. Kabla ya kugusa chochote, andika zile kode za akiba, za kuingilia zile za kawaida zikikataliwa, kwenye karatasi. Si picha ndani ya simu hiyohiyo, karatasi.

Kwa anayetumia SMS kuna mitego mingine. Namba iandikwe +243 na tarakimu tisa, bila ile 0 ya mbele. Fomu yao inaikubali 0 bila kulalamika, halafu ujumbe haufiki. Kila ukibonyeza kutumiwa tena, kode ya kwanza inakufa. Watu wanabonyeza mara tatu, SMS ya kwanza inaingia imechelewa, wanaiandika, inakataliwa, na baada ya majaribio machache akaunti inafungwa siku nzima. Bonyeza mara moja, ungoje. Na ukiwa upande wa Petite Barrière, mpakani na Rwanda, simu inaweza kushika mnara wa Gisenyi, ng'ambo. Chagua kampuni yako ya simu kwa mkono kabla ya kuomba kode.

Turudi kwenye wepesi, nisiwaonee. Maandishi yanakuja kwanza, picha zinangoja uziguse, video haijichezi yenyewe. Kwa mtu wa mtaa wa Birere hapa Goma anayenunua mega za siku kwa siku, hilo ni jambo kubwa. Mfuatano ni wa wakati, habari ya asubuhi huioni usiku. Na watu wa huku wana sababu ya kutafuta pengine: mwanzoni mwa Februari 2025, X na TikTok zilikuwa zimezuiwa Kongo. Ningetoa nyota nne.

Lakini ukuaji wa mitandao hii unaanzia mlangoni, na mifano ipo. Threads ilipita watu milioni 100 kwa siku 5 mwezi Julai 2023, kwa sababu mwenye Instagram aliingia na akaunti aliyokuwa nayo. Bluesky ilikuwa ya mwaliko hadi Februari 2024. Ilipofungua, kufika Novemba ilikuwa imevuka milioni 20. Hata zile herufi 140 za Twitter ya miaka ya mwanzo zilitoka kwenye SMS ya herufi 160, ili mwenye simu ndogo naye aingie. Waliofanikiwa waliwaza mlango. Hawa wetu wana chumba kizuri na mlango unaokataa watu wa mashariki.

Na si mlango tu, ndiyo maana hasira imenirudia nikiwa naandika. Ujumbe wa kupangiwa wakati nao unafuata Kinshasa. Ukipanga tangazo la umeme kukatika litoke saa 1 usiku, linatoka saa 2, watu wako gizani tayari na simu hazijachajiwa. Kwa sasa njia ni kutoa saa moja kichwani: ukitaka saa 1, panga saa 12 jioni. Kwenye simu uliyokwisha kuinyoosha pia, kwa sababu kosa hili liko kwao.

Basi zile nne nazishusha ziwe mbili. Usiufute, umekuzwa na watu wanaoandika vizuri na nisingependa waondoke. Nimewaandikia tena, safari hii kwa Kifaransa na picha za skrini, nikiomba neno moja tu liongezwe kwenye orodha yao ya saa: Lubumbashi.